Jinsi ya kulisoma kanisa la parokia la Uingereza ya Zama za Kati

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika mbele ya kanisa la kijiji nchini Uingereza, akiwa na saa mbili za kukaa hapo, asijue aanzie wapi. Makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Uingereza ilipoacha Ukatoliki na kufuata Uprotestanti, bado yamesimama kwa maelfu, na mengi yanatumika kwa ibada hadi leo. Vijitabu vinavyouzwa mlangoni huorodhesha miaka na mitindo kana kwamba jengo zima lilibuniwa na fundi mmoja na kukamilika kwa mpigo. Sivyo. Kanisa la aina hii limetobolewa, likazibwa, likaongezwa kimo, likapanuliwa ubavu mmoja, likanyang'anywa sanamu zake na kupakwa chokaa, kwa muda wa miaka mia tano au zaidi. Kwa hiyo ninapendekeza kanuni moja tu: kabla ya kutafuta kilicho kizuri, tafuta makovu. Tundu lisilo na kazi, mlango unaofungukia hewani, uso wa mtakatifu uliokwanguliwa: hayo ndiyo yatakayokueleza jinsi jengo lilivyotumika na nani aligombana na nani ndani yake.

Chukua tochi, darubini ndogo na koti, kwa maana ndani ya makanisa haya kuna baridi hata mwezi wa Julai. Mengi huachwa wazi mchana. Ukikuta mlango umefungwa, soma tangazo lililobandikwa barazani, maana mara nyingi hueleza ufunguo uko kwa nani. Makanisa yasiyo tena na ibada za kawaida mara nyingi huwa chini ya shirika la Churches Conservation Trust, lililoanzishwa mwaka 1969 na linalotunza zaidi ya makanisa 350.

Hatua ya kwanza: lizunguke kwa nje

Tambua kwanza mashariki iko wapi. Karibu kila kanisa la wakati huo limelazwa kutoka magharibi kwenda mashariki: kwa kawaida mnara uko magharibi, ukumbi wa waumini katikati, na patakatifu penye altare mashariki. Ukishalijua hilo, umeijua ramani ya ndani hata kabla ya kufunguliwa mlango. Kisha zunguka polepole, ukiwa mbali kidogo na ukuta ili uweze kuona paa.

Mawe yatakuambia uko sehemu gani ya nchi. Norfolk na Suffolk hazina mawe mazuri ya kuchonga, kwa hiyo kuta zake nyingi ni za gumegume, vijiwe vigumu vinavyookotwa mashambani. Na ni huko, hasa Norfolk, utakakokuta minara mingi ya mviringo. Katika vilima vya Cotswolds utaona mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Kule Greensted, Essex, kuta za ukumbi ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa na kusimamishwa wima tangu karne ya 11, na hakuna kanisa jingine la Kiingereza la namna hiyo lililobaki.

Sasa inua macho utazame uso wa mashariki wa mnara, pale unapokutana na paa la ukumbi. Mara nyingi utaona mstari wa mawe uliochomoza wenye umbo la V iliyopinduliwa. Hilo ni kovu la paa la zamani, lililokuwa na mwinuko mkali kuliko la sasa. Katika karne ya 15 parokia nyingi zilizopata fedha ziliongeza kimo cha kuta za ukumbi, zikaweka safu ya madirisha ya juu ili kuleta mwanga, na kufunika kazi hiyo kwa paa la madini ya risasi lililo karibu bapa. Ukiuona mstari huo, unajua kwamba ukumbi ulikuwa na giza kuliko utakavyoukuta.

Karibu na mlango wa kusini angalia mawe yaliyo usawa wa kifua. Tundu dogo lililozungukwa na mistari kama miale ni saa ya jua: kijiti kilichomekwa tunduni, na kivuli chake kikaonyesha saa ya Misa. Chini ya kingo za paa, hasa kwenye makanisa ya enzi ya Wanormani, walioitwaa Uingereza mwaka 1066, tafuta vichwa vya mawe. Vya Kilpeck, Herefordshire, vilivyochongwa yapata mwaka 1140, vimebaki zaidi ya themanini, na kati yake kuna mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega, macho yamewatoka, kama majirani waliofumaniwa wakisengenya. Usijilazimishe kutafuta fundisho katika kila kichwa. Baadhi, kwa maoni yangu, ni utani wa fundi tu.

Hatua ya pili: yasome madirisha, lakini usiyaamini upesi

Majina ya mitindo yanayotumika mpaka leo yalitungwa na msanifu majengo Thomas Rickman mwaka 1817, karne nyingi baada ya mafundi wenyewe kufa, lakini yanasaidia. Kazi ya Waanglo-Saksoni, kabla ya 1066, ina madirisha madogo, na mara nyingine mapambo ya vipande virefu vya mawe vilivyopangwa ukutani kama fito, kama unavyoona kwenye mnara wa Earls Barton, Northamptonshire. Wanormani walijenga kuta nene na matao ya nusu duara, wakayapamba kwa mistari ya pembepembe. Kuanzia mwisho wa karne ya 12 tao likachongoka: kwanza madirisha membamba marefu kama ncha za mikuki, halafu, kuelekea mwaka 1300, madirisha mapana yenye nakshi za mawe zinazojipinda kama ndimi za moto. Baada ya tauni ya 1348 na 1349, iliyoua kati ya theluthi na nusu ya watu wa nchi, ulitawala mtindo wa mistari iliyonyooka, ambamo nguzo nyembamba za dirisha hupanda moja kwa moja mpaka zikaligusa tao. Mtindo huu, ambao ni wa Waingereza peke yao, ulidumu karibu miaka mia mbili.

Tahadhari ni kwamba dirisha linaweza kuwa na umri mdogo kuliko ukuta uliolibeba. Kupasua ukuta wa Kinormani na kuweka dirisha kubwa la karne ya 15 lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Tafuta tao dogo lililozibwa kando ya dirisha kubwa. Likiwapo, lenyewe ndilo linalokaribia umri wa ukuta.

Hatua ya tatu: simama barazani, kisha nenda kwenye kisima cha ubatizo

Baraza ya kusini haikuwa mahali pa kuachia miavuli. Viapo vya ndoa vilitolewa mlangoni mbele ya watu, ndipo maarusi wakaingia ndani kwa Misa. Ibada ya ubatizo nayo ilianzia hapo. Kando ya mlango utakuta kidaka chenye bakuli la jiwe lililovunjwa, palipokuwa na maji ya baraka. Kilivunjwa makusudi baada ya Matengenezo, na watu wengi hupita bila kukiona.

Ndani, kisima cha ubatizo huwa karibu na mlango au upande wa magharibi, kwa sababu ubatizo ndio mlango wa kuingilia Kanisani. Mara nyingi ndicho kitu kikongwe kuliko vyote vilivyomo, kwa kuwa jengo lilipobomolewa na kujengwa upya, kisima kilihifadhiwa. Pitisha kidole kwenye ukingo wake. Pale jiwe lilipomeguka na kuzibwa, mara nyingi katika sehemu mbili zinazotazamana, ndipo palipong'olewa vyuma vya kufuli. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vifunikwe na kufungwa, kwa hofu kwamba maji yaliyobarikiwa yangeibwa kwa ajili ya uchawi.

Norfolk na Suffolk kuna visima vya pembe nane ambavyo pande zake saba zimechongwa sakramenti saba, na upande wa nane mara nyingi ni Kristo akibatizwa au akisulubiwa. Vimebaki arobaini hivi, na vingi vimekatwa nyuso. Kule Ufford, Suffolk, kuna mfuniko wa mbao wa karne ya 15 unaopanda mita tano na zaidi kama mnara wa nakshi, sehemu yake ya chini ikiteleza juu ya nyingine unapofunguliwa, na kileleni yuko ndege mwari anayejidonoa kifua awalishe makinda. William Dowsing, aliyetumwa kuvunja sanamu makanisani, aliuona mwaka 1644, akaandika kwamba unafanana na taji la papa la ngazi tatu. Kwa mtu wa msimamo wake hayo hayakuwa maneno ya sifa. Hata hivyo mfuniko uko palepale.

Hatua ya nne: ukumbi wa waumini

Kabla ya kukaa, kumbuka sheria moja inayofafanua mambo mengi. Tangu karne ya 13 kutunza ukumbi lilikuwa jukumu la waumini, na kutunza patakatifu lilikuwa jukumu la mwenye mapato ya parokia, awe padri au monasteri iliyokuwa mbali. Ndiyo maana utakuta ukumbi mkubwa wa fahari uliounganishwa na patakatifu padogo pa kimaskini: wanakijiji walitajirika, mwenye mapato akabana mkono. Sheria hiyo haikufa na Zama za Kati. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba wamiliki wa shamba moja wanapaswa kulipia matengenezo ya patakatifu pa kanisa la Aston Cantlow, Warwickshire, kwa sababu deni hilo lilikwenda pamoja na ardhi.

Fedha za sufu na nguo ndizo zilizojenga kumbi kubwa za karne ya 15. Lavenham, Suffolk, mnara wenye kimo cha zaidi ya mita 40 una nembo za bwana wa eneo hilo na alama ya biashara ya ukoo wa Spring, wafanyabiashara wa nguo. Long Melford, umbali mfupi kutoka hapo, majina ya waliochangia yameandikwa kwa mawe juu ya ukuta wa nje, yakimwomba mpita njia aziombee roho zao. Usiyachukulie kama majigambo tu, kwa kuwa watu hao waliamini kwamba kila sala ya mpita njia ingewapunguzia muda wa toharani.

Tazama juu kwa darubini. Kanisa la Mtakatifu Wendreda, mjini March, Cambridgeshire, lina malaika wa mbao zaidi ya mia moja waliotandaza mbawa darini, nje ya uwezo wa ngazi za wavunjaji.

Kuta za mawe matupu unazoziona si za asili. Zilipigwa lipu, zikapakwa chokaa na kuchorwa. Mkabala na mlango, tafuta mabaki ya jitu linalovuka mto na mtoto begani: ni Mtakatifu Kristofa, na aliyemtazama aliamini kwamba siku hiyo asingekufa kifo cha ghafla. Ndiyo sababu alichorwa mahali ambapo mtu angeweza kumwona akiwa mlangoni, kisha akaenda zake.

Sasa washa tochi na uilaze karibu na ukuta ili mwanga upite ubavuni mwa mawe. Michoro iliyokwaruzwa kwa kisu itajitokeza: meli, viganja, alama za mafundi. Kule Ashwell, Hertfordshire, ndani ya mnara, mtu mmoja alikwaruza Kilatini kinachotaja mwaka 1350 na tauni, kwamba waliobaki ni masalia ya watu wenye kuhurumiwa. Kisha kinataja upepo mkali wa siku ya Mtakatifu Maurus mwaka 1361. Herufi zimepinda na mistari haikunyooka. Hakuna kipande cha uchongaji ghali katika nchi nzima ninachokithamini kuliko ukuta huo.

Kuhusu mabenchi nitasema kidogo tu. Kabla ya karne ya 15 watu wengi walisimama au walipiga magoti, na wazee na wagonjwa waliketi kwenye kibaraza cha jiwe kilichozunguka ukuta. Mabenchi yakija, tazama ncha zake zilizochongwa; kule Brent Knoll, Somerset, mbweha amevaa mavazi ya abati, yaani mkuu wa monasteri.

Hatua ya tano: kiambaza na Msalaba Mkuu

Hapa usikimbie. Penye tao linalotenganisha ukumbi na patakatifu palisimama kiambaza cha mbao, chini mbao kamili zilizochorwa watakatifu, juu nguzo nyembamba zilizopitisha macho. Juu ya kiambaza palikuwa na roshani, na juu ya roshani Msalaba Mkuu, Maria upande mmoja na Yohane upande wa pili, mishumaa ikiwaka mbele yao. Hii ndiyo picha aliyoiona mkulima kila Jumapili ya maisha yake.

Misalaba hiyo iliangushwa chini ya Mfalme Edward VI, kuanzia mwaka 1547. Malkia Mary aliirudisha alipotawala kati ya 1553 na 1558, kisha ikashushwa tena, na mwaka 1561 Elizabeth akaagiza roshani zikatwe lakini viambaza vibaki. Kwa hiyo kiambaza unachokiona leo ni nusu ya chini ya kitu kilichokatwa kichwa. Ranworth, Norfolk, kimebaki na watakatifu wenye rangi zinazong'aa. Kwingine utakuta macho na midomo imekwanguliwa huku mavazi yameachwa salama, kana kwamba mkono ulijua hasa ulichokichukia.

Kama kiambaza hakipo, tafuta ngazi yake. Kwenye ukuta wa kaskazini au kusini wa tao kutakuwa na mlango mdogo chini, na mwingine juu unaofungukia hewani. Hapo ndipo watu walipopanda kwenda roshani kuwasha mishumaa.

Juu ya yote ilichorwa Hukumu ya Mwisho. Wenhaston, Suffolk, ilichorwa juu ya mbao mwishoni mwa karne ya 15, ikafunikwa chokaa baada ya Matengenezo na kusahauliwa kabisa. Mwaka 1892 mafundi waliokuwa wakilikarabati kanisa walizing'oa mbao hizo, wakazitupa uani kama takataka. Mvua ikanyesha, chokaa ikalainika, na nyuso zikaanza kutokea. Leo zimewekwa ndani ya kanisa, nawe zikaribie. Kati ya waliofufuka uchi, shetani na kinywa cha jehanamu, kuna maeneo matatu yasiyo na rangi yoyote: moja la umbo la msalaba, mawili ya umbo la watu waliosimama. Ni pale sanamu za Msalaba Mkuu, Maria na Yohane zilipokuwa zimepigiliwa, mchoraji akaona hakuna haja ya kuchora nyuma yake. Sanamu zilichomolewa zaidi ya miaka 450 iliyopita, ila kivuli chake kingali hapo, kwa vipimo kamili.

Hatua ya sita: patakatifu

Anza na ukuta wa kusini, karibu na altare. Kidaka chenye bakuli la jiwe na tundu la kupitisha maji ndimo padri alimosafisha mikono na kalisi, kikombe cha divai ya Misa. Maji yalishuka moja kwa moja kwenye udongo wa kanisa ili yasikanyagwe. Ukikuta mabakuli mawili, yaelekea unatazama kazi ya nusu ya pili ya karne ya 13 au karibu na hapo. Kanuni ya kukumbuka: popote penye bakuli hili palikuwa na altare. Ukiliona ubavuni mwa ukumbi, au hata juu ukutani karibu na roshani, hapo Misa ilisomwa, pengine ya chama cha mafundi au ya kuwaombea marehemu.

Kando yake kuna viti vitatu vya ukutani, vya padri na wasaidizi wake wawili. Keti. Magoti yakikufikia kifuani, jua kwamba si watu wa zamani waliokuwa wafupi hivyo, bali sakafu imeinuliwa, kwa kawaida katika karne ya 19.

Altare yenyewe ilikuwa bamba moja la jiwe lenye misalaba mitano iliyochongwa, minne pembeni na mmoja katikati. Mwaka 1550 iliagizwa altare za mawe ziondolewe na meza za mbao ziwekwe. Baadhi ya mabamba hayo yaligeuzwa mawe ya sakafu, kwa hiyo tembea ukitazama chini, na ukiona kimsalaba kwenye kona ya jiwe kubwa, tafuta vingine.

Kwenye ukuta wa kaskazini palikuwa kaburi la Pasaka, ambamo msalaba na hostia, yaani mkate wa Ekaristi, vililazwa siku ya Ijumaa Kuu na kutolewa alfajiri ya Pasaka. Mara nyingi lilikuwa sanduku la mbao tu, lakini Heckington, Lincolnshire, lilichongwa kwa jiwe katika karne ya 14. Chini wamelala askari waliowekwa kulinda kaburi, wamejikunyata ndani ya silaha zao, usingizi mzito.

Makanisa machache ya parokia yalikuwa na viti vya kukunja vya kwaya. Ludlow, Shropshire, vipo 28. Inua viti taratibu: chini ya kimojawapo, muuza pombe aliyewapunja wateja anabebwa na shetani kwenda motoni, uchi, akiwa bado ameshika kikombe chake cha udanganyifu.

Hapa ndipo pia utakapoambiwa hadithi nyingi za uongo. Patakatifu palipopinda kidogo hapaonyeshi kichwa cha Kristo kilichoinama msalabani. Ni hitilafu ya vipimo, kwa sababu sehemu mbili zilijengwa nyakati tofauti. Dirisha dogo la chini kwenye ukuta wa kusini huitwa la wenye ukoma, lakini maelezo yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kengele ilipigwa hapo hostia ilipoinuliwa, ili waliokuwa mashambani wasikie.

Hatua ya saba: makaburi na sanduku

Sanamu za mashujaa waliopishanisha miguu si lazima wawe walipigana Vita vya Msalaba. Ulikuwa mtindo wa uchongaji tu. Mabamba ya shaba yaliyolazwa sakafuni yana taarifa za kuaminika zaidi, na kule Northleach, Gloucestershire, wafanyabiashara wamekanyaga kondoo na magunia ya sufu badala ya simba. Ukitaka kuchukua nakala kwa karatasi na nta, omba ruhusa kwanza. Sanduku kubwa la mwaloni lenye kufuli tatu lilikuwa la hati na fedha: padri alishika ufunguo mmoja, wazee wawili wa kanisa mmoja mmoja, ili asiwepo wa kulifungua peke yake.

Hatua ya nane: ondoa karne ya 19

Kazi ya mwisho ni kutenganisha yaliyo ya kale na yaliyofanywa katika enzi ya Malkia Victoria, wakati makanisa mengi yalipokwanguliwa lipu, yakatandikwa vigae vipya na kujazwa mabenchi yanayofanana. Ukali wa kazi hiyo ulimfanya msanii na mshairi William Morris na wenzake waanzishe chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Mtindo huo huo wa kuiga Zama za Kati ulisafiri hadi kwetu: kanisa kuu la All Saints la Nairobi, lililosanifiwa na Temple Moore na kuwekewa jiwe la msingi mwaka 1917, ni mtoto wake.

Njia rahisi ya kutofautisha ni mkono wako. Jiwe la karne ya 14 lina kingo zilizolainika na alama za shoka au patasi zisizolingana; la karne ya 19 lina kingo kali na mistari iliyopangika kama ya daftari. Papasa tao la mlango kutoka chini kwenda juu, na mara nyingi utafika mahali ambapo vidole vinahisi mabadiliko kabla ya macho kuyaona.